Kuvu Aliyesahau Vita

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na malalamiko, kwa sababu nikianza na salamu ndefu nitajisahau na kukuambia kwamba mambo ni mazuri.

Kuvu wako anakufa. Namweka kwenye kisahani pamoja na seli nyeupe za damu, nafunika, naenda kunywa chai, nikirudi nakuta seli zimemmeza na zimemaliza kazi. Nimebadilisha seli. Nimebadilisha visahani. Nimerudia hadi kidole gumba kimefanya sugu kwa kubonyeza pipeti. Anaingia kinywani mwa seli kama mtoto anayeingia bafuni kwa hiari, na hatoki.

Kwenye makala yako uliandika kwamba aina hii ya kuvu humezwa, hukaa ndani ya seli iliyommeza, huzaliana humo humo, na mara nyingine hutoka nje akiwa mzima na seli nayo ikabaki nzima, kila mmoja akashika njia yake. Uliandika kwamba uliona kwa macho yako. Picha hakuna. Kuna maneno yako tu, na mimi nimejenga shahada yangu ya uzamivu juu ya maneno hayo.

Msimamizi wangu ana kicheko cha puani. Jana alisoma ukurasa wako akaniambia, "Shangazi yako alikuwa mwandishi mzuri."

Nikamjibu, "Alikuwa na hadubini nzuri pia."

"Basi kaiazime," akasema, akaenda zake.

Kamati inakaa Julai. Nisipomwonyesha kuvu huyu akihimili walau mara moja, nafasi yangu anapewa mwingine. Niambie nakosea wapi. Wewe ndiye uliyenipa chupa ya mbegu yake na ukaniambia, "Huyu ni mkorofi, mheshimu." Mbona kwangu amekuwa mpole hivi?

Msalimie baba. Mwambie suruali aliyonishonea inanibana, wala si mimi niliyenenepa.

Mpekuzi wako


19 Februari

Mpekuzi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na duara la kikombe kwenye pembe. Hilo ndilo kosa lako la kwanza. Chai ndani ya maabara!

Kabla hujaniuliza: simu sipokei. Baba yako ananisukumia ile yake kila jioni niangalie picha zako, na mwanga wake unanichoma macho. Miwani yangu imezeeka kuliko mimi. Tuandikiane. Karatasi haiwaki.

Sasa sikiliza. Unamlisha kuvu wangu kama mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza. Sukari tele, chakula laini, ubaridi wa chumba. Kiumbe anayekula bila kuhangaika hana sababu ya kuvaa koti. Mwilini mwa mtu hali si hiyo. Madini ya chuma yamefichwa, hewa ni ile iliyokwisha kupumuliwa, joto ni la damu. Hapo ndipo anapojua yuko ugenini, na anaanza kujivika.

Koti lake ni la sukari, nene, linateleza kama sabuni iliyolowa. Seli nyeupe ikitaka kumshika haipati pa kushika. Kisha humwaga vipande vya koti hilo kwenye damu, askari wakabaki wanagombana na vipande huku mwenyewe amekaa kando. Wengine wakifika mapafuni hunenepa hadi seli haiwezi kupanua kinywa kiasi hicho. Na kwenye ukuta wake ana rangi nyeusi, ndugu ya hii inayotia weusi ngozi na nywele zetu. Seli ikimtemea sumu, sumu inaishia kwenye rangi, haimfikii. Hata akimezwa hashtuki. Ndani ya seli kuna uchachu wa kuyeyusha wageni. Wageni wengine huyeyuka. Yeye huuzoea, akala, akazaa.

Kwa hiyo mpunguzie chakula. Mnyime chuma. Mpe joto la mwili, hewa nzito, na majimaji ya damu. Ukimwona amevaa, mkutanishe na seli. Halafu kanywe chai yako, nje.

Na huyo msimamizi mwambie hadubini yangu haiazimwi. Iko jikoni kwangu, na nina kazi nayo.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya yote uliyosema, kwa utaratibu uliousema. Nimemnyima chuma, nimempa joto, nimempa hewa nzito. Na kweli alivaa! Nilitia tone la wino mweusi kwenye kioo, wino ukashindwa kupenya koti, nikaona mwanga umemzunguka, nikaruka kwenye kiti. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama nimechumbiwa.

Kisha nikamkutanisha na seli nyeupe. Akachelewa kumezwa, hilo nakiri. Alipomezwa, akafa. Mara zote. Hakuna hata mmoja aliyetoka.

Msimamizi wangu aliangalia, akavuta kiti, akaketi. Akiketi ujue kuna jambo. Akasema, "Ama wewe huwezi kazi, ama yeye alitia chumvi. Chagua moja uiandike kwenye ripoti."

Nilikutetea, Shangazi. Mbele ya watu wote, hadi sauti ikakatika. Nikasema wewe hujawahi kutia chumvi hata kwenye chakula. Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilipofika chumbani nilikaa kitandani na viatu. Kwa hiyo nakuuliza, na nisamehe kwa kukuuliza: ulimwona kweli akitoka? Au uliona yuko nje, ukadhani alikuwa ndani?

Kama una mbegu nyingine ya zamani zaidi, nakuomba. Nitatafuta njia ya kuifikisha.

Jambo jingine. Baba ameniambia kwamba siku hizi unashinda na mapazia yamefungwa, na kwamba ulimwaga maji kando ya kikombe ukaendelea kumwaga. Anasema unakohoa. Kuna nini?

Mpekuzi


20 Aprili

Mpekuzi,

Baba yako ni fundi cherehani, na kama mafundi wote, akipewa uzi mmoja hushona nguo nzima. Nilimwaga maji. Watu humwaga maji. Kikohozi ni vumbi la mapazia hayo hayo anayoyalalamikia.

Umeniuliza kama niliona kweli. Nimeikunja barua yako nikaiweka chini ya sahani siku kadhaa ili isinitazame. Nitakujibu siku nikiwa na kichwa chepesi. Kwa sasa kichwa changu kina fundi ndani, na si wa cherehani.

Kuhusu mbegu. Ya zamani ilikufa. Jokofu kuu la maabara lilizimika umeme ulipokatika sikukuu ile ndefu, na hakuna aliyekuwa zamu. Tuliporudi tulikuta maji. Ile niliyokupa wewe ni ya kabatini, tuliyokuwa tukiihamisha toka chupa hii hadi ile, sukari kwa sukari, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Nadhani sasa nimeelewa kosa. Tumemlea. Kizazi kwa kizazi hajakutana na adui hata mmoja. Unaweza kumvika koti kama ulivyofanya, lakini huyo ni mtu aliyeazima gwanda. Vita kasahau.

Mkali hutoka kwa mgonjwa. Hakuna pengine.

Subiri. Usiandike ripoti yoyote. Huenda nikakupatia mwingine, na huyo atakufumbua macho. Usiniulize wapi. Likizo yako ni lini? Ukija, njoo na chupa zako safi.

Na umwambie msimamizi wako kwamba kuna chaguo la tatu.

Shangazi


6 Mei

Mwanangu,

Habari za huko. Mimi si mtu wa kuandika, wewe unajua, lakini kwenye simu dada ananisikia hata nikiwa uani, masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima kwake.

Shangazi yako anaumwa. Anasema ni miwani. Nimempeleka kwa daktari wa mtaani, kaandikiwa dawa ya kipandauso, akaitia mkobani na hajaigusa. Amekonda hadi nguo nimempunguzia mara mbili. Shingo haigeuki. Nikisema twende hospitali kubwa ananiambia, "Bado." Bado nini? Ni basi hilo tunalisubiri?

Juzi nimeingia jikoni nikamkuta ameinamia ile hadubini, pazia limefungwa, kichupa cha wino mweusi pembeni, anacheka peke yake. Nikauliza unacheka nini. Akasema, "Kaka, njoo umwone mtu mwenye koti zuri kuliko yote uliyowahi kushona." Nikaangalia. Nikaona viduara. Nikasema hili koti halina hata mikono. Akacheka hadi akatapika. Halafu akanifukuza, akaosha kioo mwenyewe kwa dawa kali.

Jana aliniita kwa jina la kaka yetu marehemu. Nikaitika, nikaogopa kumsahihisha.

Anapokea barua zako kama mtu anayepokea mshahara. Mwandikie wewe. Mimi nimegonga mwamba.

Baba yako


14 Mei

Shangazi,

Sina salamu za kutosha leo. Nakuuliza jambo moja na unijibu kama ulivyokuwa ukinitaka mimi nikujibu nikiwa mdogo, bila kuangalia dari.

Nini kiko kwenye kile kioo jikoni kwako, na kimetoka kwa nani?

Mpekuzi


24 Mei

Mpekuzi,

Naandika kwa vipande, kalamu nene, pazia limefungwa. Mstari ukipanda juu ya mwenzake, usome tu. Mimi naiona mistari miwili miwili.

Umeuliza kimetoka kwa nani. Kimetoka kwangu.

Barua yako ya kwanza ilinikuta tayari nakohoa. Nilikuandikia habari za miwani. Haikuwa miwani. Nilikuwa nimekwisha kutema makohozi kwenye kioo, nikatia tone la wino, nikafunika, nikaangalia. Unajua nilichokiona. Uwanja mweusi, na humo mianga ya duara, kila mmoja na punje yake katikati. Makoti mazito, mwanangu. Sijawahi kuona mazito hivyo tangu nianze kazi. Nilipaswa kuogopa. Nilipiga makofi. Peke yangu, jikoni, bibi kizee mwenye mtandio kichwani, nilipiga makofi.

Amenipata wapi, sijui. Huenda nilimvuta kwenye vumbi la kinyesi cha njiwa waliokaa dari la maabara, akalala ndani ya seli zangu mwenyewe miaka yote hiyo, akiviziwa na kuvizia. Vidonge vya maumivu ya viungo ninavyomeza vinalegeza uvimbe, na askari wa mwili navyo vinawalegeza. Wakalala, yeye akaamka. Siwezi kukuambia ni yule yule wa makala yangu. Nakuambia ni mkali. Sasa amepanda kichwani. Usiogope kwa ajili ya baba yako, huyu haambukizi kutoka mtu kwa mtu. Hata hivyo anachemsha vikombe vyangu, nami namwacha.

Nilijua dawa ipo. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikafikiri hivi: nikienda, watanichoma kidole, kipimo kitasema ndiye, na siku hiyo hiyo wataanza kumwua. Nani ahangaike kumwotesha kuvu wa bibi kizee? Enzi zangu maji ya uti wa mgongo yalitolewa mara moja, yakaangaliwa, yakatupwa, basi. Nikasema nitakaa naye hadi upate likizo. Utakuja na chupa, tutamtafuta mtu wa kunichoma mgongo, tumtoe akiwa hajaguswa na dawa, na askari wa kumpimia ni hawa hawa wa mwilini mwangu aliokwisha kuwashinda. Kisha ndipo nitibiwe. Daktari wa mtaani aliponiuliza nilifanya kazi gani nilimwambia nilikuwa mwalimu. Si uongo. Kama ningemwambia mwalimu wa nini, angenituma hospitali saa ile ile.

Huo ni ukurasa wa kwanza na wa pili. Nimepumzika, sasa naendelea na wa tatu, na huu ndio mzito.

Utadhani nilifanya hivi kwa ajili yako. Hata mimi nilijidanganya hivyo, na ilinipendeza: shangazi anayejitoa mwili. Nilijiona mtakatifu kabisa nikitapika kwenye beseni. Lakini mtu anayekaribia kufa huchoka kujipamba. Nilifanya kwa ajili yangu.

Siku ile niliyomwona akitoka, niliita watu. Kila mtu chumbani. Walipofika, kuvu yuko nje, seli iko kando yake, vyote vizima. Wakasema hakuwahi kuingia. Wakarudi mezani kwao. Nikaandika, nikachapisha, na tangu hapo nimekuwa nikisikia kicheko cha puani hata pale ambapo hakuna pua. "Mwandishi mzuri." Unadhani msimamizi wako alilitunga yeye? Nimeishi maisha yangu yote nikiwa nimeona kitu peke yangu, na hiyo, Mpekuzi, ni njaa. Uliposema unataka kusomea kuvu huyu sikukuuliza hata kama unampenda. Nilikupa chupa. Nilikuona wewe una macho mapya na mikono isiyotetemeka, na una jina langu la ukoo. Ulikuwa njia. Ndiyo, njia tu, ya mimi kupita nifike kwa watu wale niwaambie, "Sasa je?"

Na ulipouliza kama niliona kweli, sikukasirika kwa utovu wa adabu. Nilikasirika kwa sababu nami sina uhakika tena. Nimelikumbuka tukio lile mara nyingi mno, limechakaa kama noti. Kuna siku namwona anatoka. Kuna siku namwona yuko nje tu.

Jicho la kushoto limezima wiki hii. Kichwa kinapasuka. Naogopa akili itatangulia kabla ya mwili, nami nitabaki kitandani nikisema upuuzi wakati kweli yote hii imefungiwa ndani pamoja na yeye. Ndiyo maana nimekuandikia leo, wala si kwa sababu ya ushujaa.

Njoo na chupa. Uniwie radhi, hata sasa bado naiomba chupa.

Shangazi


3 Juni

Shangazi,

Sikusalimii.

Nimempigia baba kabla sijamaliza ukurasa wako wa pili. Barua hii itakapofika utakuwa wodini na yeye ndiye atakayekusomea. Baba, soma yote. Usiruke hata pale utakapoona aibu.

Nimekuwa nikitembea chumbani na barua yako kama mtu aliyeungua mkono. Nataka kupiga kelele, na hapa kuta ni nyembamba. Kwa hiyo napiga kelele kwenye karatasi.

Umewahi kuingia wodini, Shangazi? Kama mfanyakazi, si kama mgeni aliyebeba matunda? Ulikaa maabara miaka yote ukipokea chupa dirishani, ina namba, ina kizibo, ina maji. Hukuwahi kumwona aliyetolewa hayo maji. Ungemwona, ungejua. Siku hizi mgonjwa wa kuvu huyu hutolewa maji ya mgongo siku anayoingia, kabla ya dawa, kwa sababu yamejaa na yanaubana ubongo. Ndiyo hayo yanayozima jicho lako. Yakipunguzwa kichwa kinatulia hapo hapo. Kesho wanatoa tena. Na kesho kutwa. Chupa juu ya chupa, Shangazi, wanazimwaga! Ungenipigia simu moja mwezi wa Februari, ningemwomba mtu yeyote wa hospitali ile anitunzie ya kwanza, na ile ya kwanza ingekuwa safi, haijaguswa na dawa, kama ulivyotaka. Leo ungekuwa umekaa uani unamtukana msimamizi wangu. Umeteseka miezi yote hiyo kulinda kitu ambacho kingetolewa mgongoni mwako kama huduma.

Hilo la kwanza. La pili ni hili.

Ripoti nimekwisha kuikabidhi. Niliipeleka wiki moja kabla ya barua yako kufika. Hukunijibu, nikachoka, nikaandika nilichokiona. Nimeandika kwamba aina hii, kwa hali iliyo nayo leo, haihimili seli nyeupe, na kwamba huenda imepoteza ukali kwa kulelewa muda mrefu kwenye sukari. Wazo hilo la pili ni lako, nimekutaja. Kisha nimeandika kwamba tukio lililoelezwa kwenye makala ya awali halikuweza kuthibitishwa. Hapo pia nimekutaja. Kamati imekaa mapema. Wamenipa mwaka mmoja zaidi na swali jipya: kuvu anasahauje? Msimamizi amenipa mkono. Hakucheka.

Unaona? Hata huo mkono wako uliotaka kuniinua nao sikuuhitaji. Umeumia bure, mara mbili.

Na la tatu. "Njia tu." Nimelisoma neno hilo hadi halina maana. Nilipokuwa nasimama mbele ya watu sauti ikakatika, ulidhani naitetea makala? Makala siijui ilikuwaje, sikuwepo. Nilikuwa namtetea mtu aliyenifundisha kusoma kwa kunipekulisha droo zake. Jina hili la Mpekuzi ni wewe uliyenipa. Hukunipa ili nipekue ugomvi wako na wenzako wa zamani.

Nimeomba ruhusa ya kusafiri. Wananizungusha na karatasi. Nikifika nikukute. Hilo ni agizo.

Mpekuzi


21 Juni

Mpekuzi,

Anayeandika ni baba yako, ninayesema ni mimi. Nimemwapisha aandike kila neno. (Kweli ameniapisha. Hata dripu ilining'inia wakati ananinyooshea kidole. Baba.)

Barua yako imesomwa. Yote. Pale pa aibu alisoma kwa sauti zaidi.

Walinitoa maji siku ile ile niliyoingia. Daktari ni binti mdogo, ananiita Bibi na hanibembelezi. Yalitoka kwa kasi, anasema, kama bomba lililopasuka. Nilikuwa nimelala ubavu nimejikunja, na kabla hajamaliza nilisikia kitu kinafunguka nyuma ya paji la uso, nikasikia jogoo anawika nje, nikajua nimekaa miezi bila kusikia kitu kingine isipokuwa kichwa changu. Nikalia. Akauliza kama ameniumiza. Nikamwambia hapana, nimegundua jambo. Akauliza jambo gani. Nikamwambia, kwamba mimi ni mjinga. Akasema, "Bibi, usiongee, nina sindano mgongoni mwako."

Kwa hiyo ulichosema ni kweli. Miaka yote nimewafundisha watu kusoma yaliyomo chupani, na sikuwahi kuuliza ilijazwaje. Kati ya makosa yote, hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu halina hata ukubwa. Ni kosa la mtu wa dirishani.

Jicho la kushoto halitarudi. Figo zinailalamikia dawa. Daktari anapunguza, kuvu anapumua. Anaongeza, figo zinanuna. Anasema tutaona. Nimesema "tutaona" kwa wanafunzi wengi, najua maana yake. (Mimi nilidhani maana yake ni tutaona. Baba.)

Chupa ya kwanza haikumwagwa. Baba yako aliwaambia mapema, kama ulivyomwagiza ulipompigia mara ya pili, na kijana wa maabara ya hapa ameotesha. Ameniletea picha. Makoti yale yale. Na humo kwenye maji askari wangu walikuwa wa kuhesabika, wamesimama mbali mbali kama wageni waliokosea harusi. Kijana aliniuliza kama naridhia aitunze kwa utafiti. Nikaridhia, nikatia dole gumba kwa sababu sahihi imenishinda. Lakini nimempa yeye. Si wewe. Akitokea mtu siku moja akamwona kuvu huyu akiingia na kutoka, awe mtu asiye na damu yangu, asiyejua kama nilikuwa mwandishi mzuri au mbaya. Na asipomwona akitoka, aandike hivyo.

Sasa ile sentensi yako. "Halikuweza kuthibitishwa." Kaka alipoifikia nilimwambia airudie. Akairudia. Nilikasirika hadi muuguzi akaja kupima presha. Bado nimekasirika, nakuambia wazi, usije ukadhani ugonjwa umenifanya malaika. Kuandikwa hivyo, kwa mkono wa mtoto niliyemfundisha kushika kalamu! Lakini sentensi ni sahihi. Haina neno la ziada, wala kicheko. Ningekuwa msimamizi wako ningeipitisha.

Umesema nimeumia bure mara mbili. Ongeza ya tatu: nilikuumiza wewe pia, na hilo halikuwa bure, lilikuwa na bei, umeilipa wewe. Niliandika kwamba ulikuwa njia. Lakini nimekuwa nikifikiria jambo moja tangu kichwa kifunguke. Ombi la chupa lilikuwa mwisho wa ukurasa wa tatu. Wewe ulimpigia baba yako kabla hujamaliza wa pili. Hukuuliza kuvu atakuwaje. Mimi, nilipomwona kwenye kioo, nilipiga makofi. Wewe ulipiga simu. Sijui ulijifunza kwa nani, maana kwangu haikuwa.

Nisamehe. Andika hapo, kaka, herufi zinazosomeka. (Nimeandika. Baba.)

Karatasi wanazokuzungushia za ruhusa, waambie shangazi yako anakufa. Si uongo, na hata kama figo zitaamua vingine, mimi nakuruhusu uuseme. Nina hoja nne dhidi ya ripoti yako. Mbili ni za kitaalamu, na mbili ni matusi, na baba yako anakataa kuziandika. (Nakataa. Baba.) Njoo tugombane ana kwa ana, mimi nikiwa na jicho moja na wewe ukiwa na ripoti yako mkononi. Barua inachelewa kwenda, inachelewa kurudi, na mimi siwezi tena kukaa nikisubiri majibu.

Shangazi yako